Siku moja maishani mwangu: matandiko ya nyungunyungu, Buhongwa, Mwanza

Saa 12 asubuhi. Wengi wakisikia nafuga nyungunyungu huuliza wanakula nini. Waulize wanalala wapi. Nyungunyungu anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo sharti iwe na unyevu. Tandiko analoishi ndani yake likiharibika, hata umpe maganda ya parachichi hatanenepa. Nachota konzi katikati ya kitanda na kukamua. Yakidondoka matone mawili matatu, sawa. Maji yakichuruzika, hewa imekosekana humo ndani. Konzi likipukutika, namwagilia.

Saa 1 mpaka saa 4: kuloweka maboksi na kukatakata gugumaji lililonyauka, vya kuchanganya kwenye tandiko. Hili halichotwi karibu na mitaro ya viwanda, kwa sababu linafyonza metali nzito.

Saa 4 na nusu guta la samadi linafika. Nachomeka mkono: moto. Harufu inawasha macho, maana yake kuna kinyesi cha kuku humo, na amonia yake inaua.

"Kijana, nimeagiza ya ng'ombe, iliyokaa."

"Mayu, mbolea si mbolea tu?"

Si mbolea tu. Lundo bichi linaweza kupanda hadi nyuzi 60, wakati nyungunyungu wanapenda 20 hadi 28 na kwenye 35 wanaanza kufa. Tunabishana bei juani mpaka anakubali nusu. Viroba vyenye kinyesi cha kuku natenga kwa mboji ya kawaida. Iliyobaki inatandazwa kivulini, kina cha sentimita 30, inamwagiliwa, inageuzwa kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili au tatu. Kuigeuza mara hii ya kwanza kunamaliza mgongo, na hakuna mashine ya kunisaidia.

Mchana, nimechoka, nafukua vitanda kuvilinganisha. Kile cha pumba za mpunga peke yake kinasikitisha: pumba ni ngumu, hazishiki maji, zina naitrojeni kidogo. Minyoo ni myembamba, wengi hawana ule mkanda mnene wa utu uzima ambao kwenye tandiko zuri huonekana wiki ya 6 hadi ya 8. Maranda mabichi ya mbao nayo huoza polepole mno. Kitanda cha ndoo tatu za samadi iliyoiva, moja ya maboksi na moja ya gugumaji kimejaa minyoo. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini: vifuko vya mayai ni vidogo kama punje ya mchele, vya manjano vikiwa vipya, vyekundu-kahawia vikikaribia kuanguliwa. Kimoja hutoa watoto kadhaa, vijiuzi vyeupe. Nikiona vifuko vingi najua tandiko limekubali, na hiyo furaha siuzi.

Mteja anayeotesha miche anachukua viroba viwili vya mbolea ya nyungunyungu na kuondoka.

Baadaye, siafu. Miguu ya vitanda inasimama ndani ya makopo ya maji ili wasipande, nayo yamekauka, najaza. Mawingu yanatokea ziwani, kwa hiyo turubai linafungwa vizuri, kwani tandiko likizama kwa mvua wanahama usiku.

Kabla ya kufunga, natia samadi ya leo ndani ya kopo na nyungunyungu kumi juu yake. Ingekuwa iliyoiva, wangezama ndani mara moja. Hawa wote wamepanda ukutani mwa kopo kuikimbia. Lundo libaki kivulini, keshokutwa linageuzwa.