Kwani Picha Zilikuwa Chafu?

Nilikuwa natafuta mkasi kwenye droo ya chini, mwanangu akatoa pete ya plastiki ya kijivu akaivaa mkononi kama bangili. Akauliza ni ya nini. Nikamjibu bila kufikiri: ya kusafishia picha. Akaitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kwani picha zilikuwa chafu, Mama?"

Sote tunasema hivyo, kusafisha picha, na sikuwahi kujiuliza uchafu wenyewe ni upi. Nilimweleza juu juu habari za dawa na giza, akaridhika akaenda kucheza. Mimi nikabaki na ile pete.

Kamera ya Babu mnaijua, ile ya kukunja, yenye mvukuto wa ngozi. Miaka yote tuliichezea tukiamini haina kitu. Siku moja, kabla pete hiyo haijakuwepo, nikafuta vumbi kwenye kidirisha chekundu cha mgongoni, nikaona namba 5. Ndani mlikuwa na mkanda, na ule ni mkanda wa picha nane. Yaani Babu alipiga nne, au tano kama hakuusogeza baada ya ile ya mwisho. Nikamwambia Bibi. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kama unaweza kuusafisha, usafishe ningali hai."

Shida ilikuwa upana. Kamera ile inatumia mkanda wa 116, uliotoka mwaka 1899, upana wake milimita 70. Uliacha kutengenezwa mwaka 1984. Vifaa vya kusafishia vinavyouzwa vinaishia kwenye mkanda wa 120, ambao ni kama milimita 61 na nusu. Rili ya plastiki ina sahani mbili zenye mifereji ya kuzunguka kama konokono, na mkanda unaingia humo taratibu ili dawa ifike kila mahali bila tabaka kugusana. Ukizivuta sahani hizo hadi mwisho wake, bado zinapungukiwa milimita nane na nusu hivi. Hiyo ndiyo kazi ya ile pete. Niliikata kwenye bomba la maji, nikaichonga kwa msasa jioni tatu mfululizo, nikaivisha kwenye mhimili wa rili ili sahani zikae mbali kwa kadiri ile ile niliyoitaka. Ikizidi nusu milimita mkanda unachomoka, ikipungua unakwama.

Birika la kuitosha rili hiyo sikuwa nalo. Nikakata vipande vitatu vya bomba pana, nikaviziba chini: kimoja cha dawa ya kutoa picha, kimoja cha maji, kimoja cha dawa ya kukaza. Kwa kuwa havikuwa na kifuniko cha kuzuia mwanga, kila kitu kingefanyika gizani. Taa nyekundu nayo haikufaa. Kwenye karatasi iliyoufunika mkanda paliandikwa Verichrome Pan, na filamu ya aina hiyo inaona rangi zote, hata nyekundu. Nikafunga uzi kwenye kila bomba: fundo moja, mawili, matatu, nisije nikakosea kwa kupapasa. Kwa mazoezi nilikata ukanda wa plastiki wa milimita 70, nikauingiza kwenye rili macho yakiwa wazi, kisha nikifumba, mara kumi au zaidi. Uliingia kila mara.

Usiku wenyewe mdogo wangu alikaa nje ya mlango na saa, kazi yake kuniitia dakika. Bibi naye akaomba kiti, akakaa karibu naye. Nikazima taa, nikangoja hadi nikawa na uhakika hakuna ufa wa mwanga popote.

Karatasi ikaanza kujikunjua mikononi mwangu. Ilikuwa kavu, inalia. Kisha nikagusa ncha ya filamu. Mkanda uliozungushwa hadi mwisho hufunguka kinyumenyume, ya nane kwanza, ya kwanza mwisho, kwa hiyo zile tatu ambazo Babu hakuzipiga ndizo zilizotangulia kuingia kwenye rili. Ziliingia vizuri kabisa. Nikasukuma kulia, nikasukuma kushoto, nikihesabu kwa urefu, kila picha ni sentimita kumi na moja na ushei. Ya nane. Ya saba. Ya sita.

Kisha ukagoma.

Nilivuta kidogo nyuma, nikasukuma tena. Ukagoma. Ukanda wangu wa mazoezi ulikuwa mgumu na umenyooka, na huu ulikuwa umejikunja kwa miongo mingi, unataka kurudi kwenye umbo lake. Viganja vyangu vilikuwa vimeanza kutoka jasho, na filamu ikipata unyevu inanata kwenye mfereji. Nikajua hilo, na kujua kwenyewe kukazidisha jasho. Sikuweza kuwasha taa. Sikuweza kuiweka chini. Nilisimama pale nimeshika kitu ambacho macho yangu hayajakiona, na kikionwa kabla ya wakati wake kimekufa.

"Mbona kimya?" Bibi akauliza kutoka nje.

"Naendelea, Bibi."

Nikajifuta mikono kwenye nguo, mmoja mmoja. Nikaibana filamu kingo kwa kidole gumba na cha shahada ili ijipinde kidogo ipite. Nikasikia tiki. Sauti ndogo sana, kama kucha inapokatwa. Baada ya hapo ikaingia yote, laini, bila tabu yoyote.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Dawa ya kutoa picha niliyotumia ni HC-110, kwa sababu haizidishi sana ukungu, ule weusi hafifu unaotanda kwenye filamu iliyozeeka. Mdogo wangu akaita dakika, nami nikainua rili na kuishusha hadi alipofika sita. Fundo la pili, fundo la tatu, nikafungua mlango.

Filamu yote ilikuwa na ukungu wa kijivu, lakini picha zilikuwemo. Tano. Ya tano ni Bibi akiwa binti, amesimama mlangoni, mdomo wazi, anamwambia kitu mpiga picha. Na kutoka begani hadi kwenye taya lake palikuwa na alama nyeusi iliyopinda kama mwezi mwandamo, pale nilipoikunja.

Bibi aliishika ingali inadondosha maji. Alama ile hakuisema. "Nilikuwa namwambia asubiri," akasema. Kisha akapitisha kidole taratibu kwenye zile tatu tupu, moja baada ya nyingine. "Akaiweka kamera chini, halafu..." Akanyamaza. Sikumuuliza. Nilikuwa naomboleza lile taya, nikafikiri kesho ipo. Kesho zilikuwepo nyingi tu, na sikuuliza hadi akaondoka.

Mpaka leo sijui kama nilipaswa kungoja. Wapo watu wenye vifaa sahihi na mikono iliyozoea, ningeweza kuwatumia mkanda ule. Lakini Bibi alisema "ningali hai", na mimi nilitaka iwe kwa mikono yangu, na katika sababu hizi mbili siwezi kuapa ni ipi iliyonisukuma zaidi.

Leo asubuhi nilimtolea mwanangu ile negativu kwenye bahasha. Akaishika kingo kama nilivyomwelekeza, akaiinua dirishani, akaikagua kwa umakini wa fundi. Alipofika kwenye ule mwezi akasimama.

"Mama, hapa hamkusafisha. Uchafu umebaki."

"Hapo ni kidole changu," nikamwambia, naye akasogeza uso karibu zaidi, akikitafuta.