Wewe unaona mapenzi

Wiki hii Dada kahamia Kibaha, ofisini tumeletewa mkuu mpya, na mimi bado nimekwama kwenye sentensi moja ya shemeji.

Tulikuwa sebuleni na watoto tunaangalia ile sehemu ya 1980 ya kipindi cha vikaragosi, The Muppet Show (mnaonisoma siku zote mnaijua), mwigizaji Mark Hamill anapoingia akiwa Luke Skywalker wa filamu za Star Wars, yuko na maroboti R2-D2 na C-3PO, wanamtafuta mwenzao Chewbacca. Miss Piggy, yule kikaragosi wa nguruwe, kafunga nywele mafundo mawili masikioni kama Princess Leia wa filamu hizo na anamlegezea macho Luke. Watoto wanagaragara kwa kicheko. Shemeji akatua kikombe chake cha chai.

"Haya si matangazo tu? Wote si mali ya Disney?"

"Wakati ule walikuwa bado, shemeji."

"Basi kampuni mbili zimekutana, kila moja inamnadia mwenzake. Wewe unaona mapenzi."

Hakusema kwa ubaya, namjua. Lakini imenikaa kooni. Naosha vyombo, namjibu. Niko kwenye daladala, namjibu. Disney iliwanunua Muppets mwaka 2004, Lucasfilm, wenye Star Wars, mwaka 2012! Halafu najiuliza, tarehe zinathibitisha nini? The Empire Strikes Back, filamu ya pili ya Star Wars, ilikuwa inatoka Mei mwaka ule ule wa 1980, kwa hiyo tangazo lilikuwemo, sibishi. Wewe unaona mapenzi. Alivyolivuta lile neno la mwisho, mbele ya watoto.

Jana usiku nikaiwasha tena, sauti chini. Nikasimamisha picha pale Piggy anapomsogelea Luke, nikaangalia ule mkono wenye glavu, na mwili ukanisisimka. Aliyekuwa anamchezesha Piggy ni Frank Oz. Huyo huyo ndiye mkono na sauti ya Yoda, yule mwalimu wa Luke kwenye filamu hiyo! Filamu ilikuwa imeshapigwa mwaka uliotangulia, 1979, sehemu kubwa pale studio za Elstree, mjini Borehamwood, Uingereza. Muppets nao walirekodi mji huo huo. Maana yake Hamill alikuwa ameshapanda na kushuka kwenye kinamasi cha sayari ya Dagobah na Yoda mgongoni, ameshafundishwa ile Nguvu ya Star Wars na kikaragosi ambacho Oz alikichezesha akiwa chini ya sakafu iliyoinuliwa. Sasa mtu yule yule anamtongoza kwa sauti ya nguruwe, na watazamaji hawajamwona Yoda bado. Wao wawili wanajua. Tazameni uso wa Hamill pale, alivyotulia.

Na Jim Henson, mwanzilishi wa Muppets, ndiye aliyempeleka Oz kwa George Lucas, mwanzilishi wa Star Wars. Hawa si wageni waliokutana sokoni. Kwetu mtani huja msibani, akavaa viatu vya marehemu na kuigiza mwendo wake, na wafiwa wakacheka, kwa sababu asiyemjua mtu hawezi kumwigiza hivyo. Piggy na yale mafundo ya nywele ni utani wa namna hiyo. Fedha ilikuwepo, na mapenzi yalikuwepo. Ndiyo, shemeji, nayaona, na Jumapili ukija nitakusimamishia picha pale pale uuone ule mkono.

Nimelala vizuri mara ya kwanza wiki hii.

Ila dawa za presha za Mama zinaishia Alhamisi, duka la pale kituoni limefungwa, na leo nimemkuta anakata kidonge nusu akidhani simwoni.