Yaliyotangulia Risasi

Wiki iliyopita nilibishana kwa saa nzima na rafiki yangu kuhusu polisi wa Marekani na watu weusi wanaouawa ilhali hawana silaha. Rafiki yangu ni msomaji mzuri, wala hana chuki na mtu yeyote, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema lakini ngumu kuijibu: askari ana nusu sekunde tu ya kuamua, na sisi tunaoirudia video mara ishirini tukiwa tumeketi salama hatuna haki ya kumhukumu. Nililala na hoja hiyo na nikaamka nayo. Sasa naamini kwamba kasoro yake iko mahali alipoanzia kuhesabu. Ukianza kuhesabu pale risasi inapofyatuliwa, karibu kila askari ana udhuru. Ukirudi nyuma dakika mbili au tatu, unakutana na maamuzi mengi yaliyofanywa bila haraka yoyote.

Sheria yenyewe ilianza na kisa cha namna hiyo. Mnamo Oktoba 1974, katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, askari Elton Hymon aliitwa kwenye nyumba iliyodaiwa kuvunjwa. Nyuma ya nyumba hiyo alimkuta mvulana aliyejikunyata kwenye uzio, akammulika tochi usoni na mikononi, na hakuona silaha. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba alikuwa na hakika ya kutosha kuwa mvulana yule hakuwa nayo. Mvulana alipoanza kuukwea uzio ili akimbie, Hymon alimpiga risasi kichwani kwa nyuma. Aliyekufa ni Edward Garner, mwenye umri wa miaka 15, na alichokutwa nacho ni pochi na dola 10. Sheria ya Tennessee iliruhusu jambo hilo, kwa kuwa ilirithi kanuni ya zamani ya Uingereza kuhusu mhalifu anayetoroka, kanuni iliyotungwa enzi ambazo karibu kila kosa kubwa lilikuwa na adhabu ya kifo. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba askari hawezi kumuua mtu kwa sababu tu anakimbia. Ni lazima awe na sababu ya msingi ya kuamini kwamba mtu huyo ni tishio kubwa kwa uhai wa askari au wa watu wengine. Hymon, niseme mapema, naye alikuwa mtu mweusi.

Miaka minne baadaye ndipo yalipozaliwa maneno ambayo rafiki yangu aliyatumia bila kujua asili yake. Dethorne Graham, mgonjwa wa kisukari wa Charlotte, North Carolina, alihisi mwaka 1984 kwamba sukari inamshuka, akamwomba rafiki yake ampeleke dukani akanunue maji ya machungwa. Alipoingia akaona foleni ni ndefu, akatoka mbio kutafuta msaada kwingine. Askari aliyekuwa akitazama kutoka ndani ya gari lake akashuku, akawafuata na kuwasimamisha. Askari wengine walipofika, Graham alifungwa pingu za kubana, akaomba watazame kadi ya kisukari katika pochi yake, akaambiwa anyamaze, uso wake ukagongeshwa kwenye boneti. Mtu mmoja alimletea maji ya machungwa. Askari walikataa asipewe. Aliachiwa ilipogundulika kwamba hakuna lolote lililotokea dukani, na kufikia hapo alikuwa amevunjika mguu. Katika kesi yake, mwaka 1989, Mahakama ya Juu ilisema kwamba nguvu inayotumiwa na polisi ipimwe kwa jicho la askari mwenye busara aliye pale pale kwenye tukio, bila kumhukumu kwa yale yaliyojulikana baadaye, kwa kuwa mara nyingi askari hulazimika kuamua kufumba na kufumbua. Soma kisa hicho tena. Dakika zote zile Graham alikuwa anaomba, rafiki yake alikuwa anaeleza, na kadi ilikuwa mfukoni. Maneno yanayowakinga askari walioamua ndani ya nusu sekunde yalitoka katika kesi ambayo muda wa kusikiliza ulikuwepo tele.

Ninapofika kwa Tamir Rice naona vigumu kuandika kwa utulivu. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto huyu wa miaka 12 alikuwa akicheza na bastola ya bandia karibu na kibanda cha bustani. Mtu aliyepiga simu ya dharura alisema kwamba huenda bastola ile ni ya bandia na kwamba aliyeishika huenda ni mtoto. Maneno hayo mawili hayakuwafikia askari. Gari la polisi liliingia kwenye majani moja kwa moja na kusimama hatua chache kutoka kwa mtoto, na katika muda usiozidi sekunde mbili alikuwa ameshapigwa risasi. Ukizitazama sekunde mbili hizo peke yake, unamwona askari aliyeogopa. Lakini nani aliamua gari lisimame karibu kiasi kile, mahali ambapo askari asingeweza tena kujikinga, kuita kwa sauti au kusubiri? Haraka ile polisi waliitengeneza wenyewe, kisha ikatumiwa kuwatetea. Mnamo Desemba 2015 jopo la wananchi liliamua asishtakiwe yeyote.

Rafiki yangu alikuwa na hoja ya pili, na hiyo ilikuwa ya takwimu. Alinikumbusha utafiti wa mchumi Roland Fryer wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwenyewe ni mweusi, uliotoka mwaka 2016. Fryer hakuona tofauti ya rangi katika ufyatuaji wa risasi, ingawa aliona kwamba weusi wana uwezekano mkubwa zaidi wa kusukumwa, kufungwa pingu na kukandamizwa ukutani. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza ya matokeo hayo na kuisahau ya pili. Kuna tatizo kubwa zaidi, ambalo Dean Knox na wenzake walilieleza mwaka 2020: kumbukumbu za polisi zinawahusu watu ambao polisi wamekwisha kuwasimamisha. Ikiwa askari humsimamisha mtu mweusi kwa jambo dogo ambalo mweupe angeachwa apite nalo, basi kundi la weusi waliosimamishwa limejaa watu wasio na hatia yoyote nzito, na kwa haki wangetakiwa kukumbwa na nguvu kidogo kuliko weupe. Ukikuta viwango vinalingana ndani ya kundi hilo, usawa huo wenyewe ni dalili ya ubaguzi. Ni kosa lile lile la kuanza kuhesabu katikati ya safari.

Je, ni kweli kwamba weusi husimamishwa zaidi kwa sababu ya rangi? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya taarifa za karibu mara milioni 100 ambazo madereva walisimamishwa na polisi, wakatumia giza kama kipimo. Walilinganisha saa ile ile ya jioni katika majira ambayo jua bado lipo na majira ambayo limekwisha kuzama. Usiku ukiingia, askari hamwoni vizuri dereva, na sehemu ya weusi miongoni mwa wanaosimamishwa ikapungua. Sijakutana na ushahidi ulio mwepesi kueleweka kuliko huo. Katika mji wa Ferguson, jimbo la Missouri, alikouawa kijana mweusi Michael Brown kwa risasi ya polisi mwaka 2014, Wizara ya Sheria ilikuta kwamba weusi walikuwa asilimia 67 ya wakazi lakini asilimia 85 ya madereva waliosimamishwa na asilimia 93 ya waliokamatwa. Wizara hiyo hiyo ilisema ushahidi haukutosha kumshtaki askari aliyempiga Brown risasi, nami naona ni haki kuyataja yote mawili.

Yapo mengine ninayomkubalia rafiki yangu bila ubishi. Wengi kati ya watu wapatao 1,000 wanaouawa kwa risasi za polisi wa Marekani kila mwaka huwa na silaha, na kwa idadi tupu weupe wanaouawa ni wengi kuliko weusi, ingawa kwa kulinganisha na idadi ya watu, weusi huuawa zaidi ya mara mbili ya weupe. Hofu ya askari katika nchi yenye bunduki nyingi kuliko watu si ya kubuni.

Nakubali pia kwamba askari weusi hufanya mambo haya. Tyre Nichols, mtu mweusi aliyepigwa Januari 2023 katika mji ule ule wa Memphis na kufa siku tatu baadaye, alipigwa na askari weusi watano. Aliyenitajia kisa hicho alidhani kimemaliza mjadala. Kwangu mimi kinaonyesha kwamba ubaguzi haukai moyoni mwa askari mweupe peke yake. Hukaa katika mitaa inayochaguliwa kupelekewa vikosi, katika mafunzo, na katika uhakika wa askari kwamba huyu anayempiga hatasikilizwa.

Kwa hiyo mimi natazama zaidi mwanzo wa kila kisa. Walter Scott, aliyepigwa risasi mgongoni akikimbia huko North Charleston mwaka 2015, alikuwa amesimamishwa kwa sababu ya taa ya breki. Mji wa Philadelphia ulipitisha sheria mwaka 2021 inayozuia polisi kumsimamisha dereva kwa makosa madogo kama taa moja iliyokufa; tiketi anaweza kuandikiwa bila kusimamishwa. Hatua kama hiyo haimnyang'anyi askari haki ya kujilinda, bali inampunguzia nyakati za kuihitaji.

Mei 2025 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya Ashtian Barnes, kijana aliyesimamishwa karibu na Houston mwaka 2016 kwa sababu ya tozo za barabara ambazo hazikulipwa. Gari lilipoanza kuondoka, askari alirukia ukingo wa mlango na kufyatua risasi. Mahakama za chini zilikuwa zimetazama sekunde mbili za mwisho tu, zile ambazo askari alikuwa ameng'ang'ania gari. Majaji wote tisa walisema haitoshi, ni lazima tukio lote lipimwe. Nilimtumia rafiki yangu habari hiyo, naye akaniuliza kama sasa askari aliyejiingiza hatarini mwenyewe atawajibika kwa kujiingiza kwake. Nilimjibu kwamba swali hilo majaji waliliacha bila kulijibu, na kwamba ndilo swali la gari lililosimama kwenye majani mjini Cleveland.