Kikombe cha Anko

Mwaka 2014 tulikuwa watu sita katika chumba kimoja cha mabati mtaani Mathare, Nairobi, futi 10 kwa 10: mama, sisi watoto wanne, na Anko, aliyekuwa fundi wa masanduku ya bati huko Kamukunji. Usiku meza ilipandishwa kitandani ili godoro letu lipate pa kutandikwa.

Anko alianza kukohoa Aprili. Tukasema ni vumbi la kazi, naye akawa ananunua dawa ya chupa kioski. Shati likaanza kumpwaya. Juni akatema damu kwenye karai, mama akampeleka zahanati. Makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Dawa zilikuwa za bure, miezi sita. Siku ya kwanza dawa hizo zilipogeuza mkojo wake rangi ya chungwa alirudi kutoka chooni akitetemeka, akatuaga. Tulicheka sana, Mungu atusamehe.

Mama akamtengea kikombe cha bati, akawa anakichemsha kila jioni.

Mhudumu wa afya alipokuja kutuchunguza, alisimama katikati ya chumba akauliza, "Mama, dirisha liko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya kabati. Mama mwenyewe alikuwa ameliziba kwa gunia na kipande cha bati, kwa ajili ya wezi na harufu ya mtaro.

"Ugonjwa huu hauambukizwi kwa vyombo," mhudumu akasema. "Mtu akikohoa, vijidudu vinabaki hewani masaa. Chumba kikiwa kimefungwa hivi, mnavivuta nyote." Mama alikitazama kile kikombe, hakujibu.

Dada yangu wa miaka tisa naye alipatikana nao. Kitinda mimba, wa miaka mitatu, hakuwa mgonjwa, lakini alipewa isoniazidi ya kumkinga kwa miezi sita. Hadi leo nakasirika nikisikia watu wakiuita ugonjwa wa wachafu. Chumba kile kilipigwa deki asubuhi na jioni.

Anko alipopata nguvu, alilizibua dirisha mwenyewe, akalipanua kwa mkasi wake wa bati, akaweka nondo mbili. Kwa mara ya kwanza niliona jua likifika kitandani. Mwenye ploti akadai shilingi 500 za kuharibiwa ukuta. Mama akamlipa kwa awamu mbili.

Wiki iliyofuata mtu alipitisha mkono kati ya zile nondo usiku, akaondoka na kikombe cha Anko.