Nilivyochagua Programu ya Barua Pepe za Wateja

Kwa muda mrefu niliwaandikia wateja wa kahawa yetu hapa Moshi kwa akaunti ya kawaida ya bure, nikibandika anwani zote kwa mkono, hadi asubuhi moja nilipovuka kikomo cha siku nikazuiwa kutuma, huku bei mpya za msimu zikiwa hazijawafikia nusu yao. Ndipo nilipoanza kutafuta programu maalumu.

Ninachokitazama kwanza si uzuri wa mapambo, bali kama programu inanisaidia kuthibitisha kikoa changu, yaani sehemu ya anwani ya barua pepe inayofuata alama ya @, ili ijulikane kuwa barua imetoka kwangu kweli, kwani tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi, na barua isiyothibitishwa inaweza kukataliwa au kutupwa kwenye taka kabla mteja hajaiona. Kiungo cha kujiondoa nacho lazima kionekane wazi. Hiyo ni haki ya msomaji.

Programu nyingi hutoza kwa idadi ya anwani, hivyo nilifuta kwanza zilizokufa. Kisha nilijitumia barua ya majaribio yenye picha ya gunia la kahawa, nikaifungua kwenye simu nikiwa ndani ya daladala ya Kibosho: maandishi yalikuja mara moja, picha ikachelewa mno. Nimeipunguza ukubwa.