Kumkanda mchezaji: si kila siku ni ya kubonyeza

Viwanjani kwetu, Maisara ya Unguja hadi Gombani ya Pemba, mkandaji husifiwa akimliza mtu. Mchezaji akipiga kelele, wenzake hucheka, "huyo ndiye fundi." Sifa hiyo haina maana. Kubonyeza kwa kina huiacha misuli ikiuma na kukosa nguvu kwa siku moja au mbili, kwa hiyo mkono uliomfaa mtu Jumanne utamharibia mechi ukipita juu yake Alkhamisi usiku na mpira ni Ijumaa.

Kazi ya kina imalizike siku mbili au tatu kabla ya mechi. Siku yenyewe dakika 10 zinatosha: sugua na tikisa paja na shavu la mguu, haraka na kwa wepesi, mpaka ngozi ipate joto, kisha aende akapashe mwili kama kawaida. Baada ya mechi mwache kwanza atembee, anywe maji, apumzike kama saa moja. Hapo mpitishie viganja polepole, dakika 15 hadi 20, ukielekea juu upande wa moyo. Wengi husema wanatoa asidi iliyojaa kwenye misuli. Asidi hiyo huondoka yenyewe ndani ya saa moja hivi, hata mtu asipoguswa. Maumivu ya kesho na keshokutwa hutokana na nyuzi za misuli zilizojeruhiwa kidogo kidogo, na kukanda huyapunguza makali tu.

Shavu la mguu ndilo linaloteseka zaidi kwa wanaokimbia ufukweni. Kwenye mchanga mkavu kisigino huzama, na ufukwe una mteremko: anayekimbia upande mmoja kila siku huchosha mguu mmoja kuliko wa pili. Mlaze kifudifudi, umwekee kanga iliyoviringishwa chini ya kifundo ili misuli ilegee. Mafuta, kijiko kimoja cha chai kwa mguu. Yakizidi mkono unateleza, haushiki kitu, na utajikuta unaongeza nguvu bila ya sababu.

Anza na kiganja kizima, kutoka kisigino hadi chini kidogo ya goti, dakika 2. Halafu finya na kuachia kama unga wa chapati, dakika 3. Ukikuta fundo, weka kidole gumba kimoja juu ya chengine, ongeza uzito taratibu, tulia hapo sekunde 30 hadi 60. Muulize maumivu ni ngapi kwa 10. Yakipita 6, au akianza kuzuia pumzi, punguza. Misuli inayojihami hailegei.

Wengi huishia hapo, na msuli wa chini hawajaugusa. Shavu lina misuli miwili mikubwa: wa juu unavuka goti, wa chini hauvuki. Mguu ukinyooka, wa juu hukaza na kuufunika mwenzake. Kunja goti nyuzi 90, mguu uuegemeze begani kwako, kisha bonyeza pembeni, nusu ya chini, ukishuka kuelekea kano ya kisigino. Mara nyingi mkimbiaji anayelalamika shavu zito hukutwa na ugumu wake huko. Nyuma ya goti usibonyeze, mishipa ya damu na ya fahamu inapita hapo karibu na ngozi. Wala mfupa wa ugoko usiusugue.

Mafuta ya nazi yanatosha. Wanaotaka mafuta ya makonyo ya Pemba, yaani ya vikonyo vya karafuu, wasiyapake matupu: huunguza ngozi, na ganzi yake humfanya mtu ashindwe kukwambia yanauma kiasi gani. Matone 10 kwenye mililita 100 za nazi, basi. Kuhusu sitara, mwanamke akandwe na mwanamke, na kikoi au bukta si kizuizi. Paja hukandika vizuri juu ya nguo, bila ya mafuta.

Aliyeteguka au kupigwa teke leo hakandwi leo. Kitambaa cha barafu, dakika 15 kwa mara, mguu ufungwe na uinuliwe. Saa 48 hadi 72 za mwanzo mkono usipite juu ya jeraha, wala maji ya moto, kwani huongeza damu na uvimbe. Paja lililopigwa na goti la mtu lina hatari yake zaidi: likikandwa kwa nguvu mapema, damu iliyovia ndani ya msuli inaweza kugeuka mfupa, na mtu akakosa msimu mzima. Asiyeweza kukanyaga hata hatua nne aende akapigwe eksirei kabla ya kuguswa na yeyote.

Na shavu moja likivimba, likawa na joto na kuuma bila ya kupigwa wala kuteguka, khasa baada ya safari ndefu au kulazwa, liacheni. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kukanda kunaweza kulisukuma donge hadi mapafuni. Huyo ni wa hospitali, siku hiyo hiyo.