Stendi ya kamera chini ya laki moja

Nikipiga picha za jioni Capri Point, hapa Mwanza, hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini natembea na chuma kizee vile. Stendi yangu nimeiokota kwenye mitumba Mlango Mmoja. Imechubuka rangi na ni nzito, ila ikisimama imesimama.

Kwa bajeti isiyofika laki, madukani utaoneshwa zile mpya, nyepesi, ndefu. "Bosi, hii inakufika machoni!" Inafika kweli, lakini kwa kuvuta ile nguzo ya katikati, na nguzo ikishapanda kamera inatetemeka hata lori likipita. Mimi urefu siuulizi kabisa. Nahesabu vipande vya mguu: vitatu ni bora kuliko vitano, maana kila kiungo ni mahali pa kulegea, na kipande cha chini ndicho chembamba kuliko vyote.

Nenda na kamera yako dukani. Fungua miguu yote, nguzo iache chini, kisha shika kichwa cha stendi ukizungushe kwa nguvu kidogo. Miguu ikijisokota, shukuru uondoke. Isipojisokota, funga kamera na lenzi yako nzito, iinamishe mbele, kaza, achia. Sasa tulia uitazame. Kuna vichwa vinavyoshuka polepole kama mzee anayesinzia kwenye daladala. Hicho hakifai, hata muuzaji akipunguza bei. Kagua pia kile kibati cha kufungia kamera. Skrubu yake ni ya robo inchi, karibu kamera zote inaingia, lakini kibati chenyewe kikipotea, kupata kingine cha kukaa sawasawa ni kazi.

Upepo wa ziwani nao una yake. Jua likizama, mwamba wa Bismarck unataka shata, yaani kile kipazia cha kuingizia mwanga kwenye kamera, ikae wazi sekunde mbili tatu, na wimbi dogo la upepo linatosha kuharibu. Nabeba dumu tupu la lita tano, nachota maji palepale, nalining'iniza chini ya nguzo: kilo tano bure. Liache liguse jiwe kidogo, la sivyo litabembea na kutikisa kila kitu. Shata naiwekea taima ya sekunde mbili, kidole kisihusike.

Wenzangu wa video za harusi, msinifuate. Kichwa cha kugeuza kamera bila kukwama ni bei nyingine. Kwa laki moja, mimi ningekodi.